Kiti cha Unga na Pilipili

Mimi si mtu wa kushukuru haraka. Nimeishi Kangemi, hapa Nairobi, miaka mingi, na miradi ya kutusaidia nimeiona ikija na kupita kama wahubiri wa sokoni. Wanakuja na kipaza sauti, wanaondoka na kipaza sauti, na sisi tunabaki pale pale tukitafuta maji.

Mradi mmoja ulinichoma roho hasa. Walikuja na fulana za njano na kamera kubwa, wakamkuta mwanangu amelala chini kwenye gunia, mdomo wazi, nzi mmoja usoni. Nikasema ngoja nimpanguse. Wakasema hapana mama, mwache hivyo hivyo, picha itatoka vizuri. Nami kwa ujinga wangu nikamwacha. Walituahidi kiti cha magurudumu. Miezi ikapita, nikavaa nguo ya kanisani nikaenda kuulizia ofisini kwao katikati ya jiji, lifti hadi juu kabisa. Nikaambiwa mradi umefungwa. Nilipogeuka kuondoka nikaiona kalenda ukutani. Mwanangu alikuwa mwezi wa Machi, na nzi wake.

Siku hiyo niliapa kwamba mtu mwingine hatampiga mwanangu picha nikiwa hai.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Alichelewa kulia alipozaliwa, na tangu hapo mwili wake haumtii. Akitaka mkono uende kushoto, unaenda kulia. Lakini kichwani yuko sawa kabisa, tena mjanja. Akisikia majirani wanagombana, yeye ndiye wa kwanza kucheka. Alipofika miaka sita alikuwa bado hawezi kukaa. Ukimkalisha, anaanguka upande kama gunia la viazi lililofunguliwa. Kwa hiyo dunia yake ilikuwa vitu viwili tu: mabati ya juu akiwa amelala, na kisogo changu akiwa mgongoni.

Mgongoni ndipo aliposhinda. Mimi ni mama fua. Siku tatu kwa wiki nilimfunga kwa leso, nikateremka na kupanda hadi Kitisuru kufulia familia moja iliyoniruhusu nimlaze barazani nikifanya kazi. Mtoto wa miaka sita si mwepesi, jamani. Jioni nikifika nyumbani nilikuwa nikilala chali sakafuni karibu naye, tunatazama mabati pamoja.

Kisha nikasikia shule ya msingi ya karibu imefungua darasa la watoto wenye ulemavu. Nikambeba siku hiyo hiyo. Mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimtazama, akamsemesha, na mwanangu akamcheka miwani. Mwalimu naye akacheka.

"Huyu ana akili," akasema. "Mimi sikatai mtoto, mama. Lakini nimweke wapi? Chini? Wenzake watamkanyaga. Anahitaji kiti cha kumshika."

"Nikipata kiti?"

"Nimebaki na nafasi moja. Nitakuwekea hadi siku ya kufungua shule, Januari. Siku hiyo ukija bila kiti, nitampa anayefuata kwenye orodha. Usinichukie."

Sikumchukia. Niliingia mjini kuuliza bei ya kiti kama hicho, na bei yenyewe ilinitoa dukani bila kwaheri. Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Nilihesabu majuma na vidole vikatosha.

Mtaalamu wa mazoezi kwenye zahanati yetu ndiye aliyeniambia habari za mpango mpya. Alisema nchi za Afrika zimekubaliana kubadilishana ujuzi wa kulea watoto kama wangu, na kwamba mwalimu anakuja kutufundisha kutengeneza viti vyao kwa mikono yetu.

"Anatoka wapi?" nikamuuliza.

"Malawi."

"Malawi? Kwani Malawi wametushinda nini sisi?"

Nisamehewe, nilisema hivyo. Sisi watu wa Nairobi tuna kiburi cha kudhani kila kitu kizuri kikija lazima kitue kwanza kwenye uwanja wetu wa ndege. Kama ni Ulaya, sawa, tungeelewa. Lakini Malawi! Nilienda kwa sababu ya chai, ukweli ndio huo.

Tulikuwa kina mama sita, kila mmoja na mtoto wake, na tulikutana uani kwenye ploti ninayokaa. Mwenye ploti, bibi Mkikuyu tunayemwita shosho, alikubali uani kwake kutumike kwa masharti kwamba tusiguse sukuma wiki zake. Mwalimu alifika kwa miguu kutoka barabara ya Waiyaki. Mfupi, mweusi tititi, kitenge kiunoni, na mkononi daftari moja la shule. Hakuna gari, hakuna fulana.

Nikamuuliza mbele ya wote, "Umetuletea viti vingapi?"

Akanitazama bila haraka. "Sijaleta kiti, amayi," akasema. Amayi ni mama kwao. "Nimeleta mikono."

Wenzangu wakaguna. Mimi nikafikiria, haya basi, tumepatikana tena. Tulizungumza naye kwa Kiingereza, chake cha kwao na changu cha darasa la nane, na kwingine tukaelewana kwa maneno yanayofanana, maana mwana kwao ni mwana. Akachuchumaa mbele ya mwanangu. Hakuniuliza jina lake wala ugonjwa wake. Aliniuliza, "Akilala, anapenda kugeukia upande gani?"

Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza hilo.

"Kulia," nikasema. "Tena ukimgeuza kushoto anakasirika."

"Binti yangu pia," akasema. "Yeye kushoto. Sasa yuko darasa la tano." Akatoa uzi mfukoni akaanza kumpima: nyonga, paja, mgongo, goti hadi kisigino. Mama mmoja akachukua simu apige picha. Mwalimu akamshika mkono polepole. "Mtoto simpigi picha," akasema. "Nampima."

Hapo ndipo nilipoweka kikombe cha chai chini.

Kiti chenyewe kilikuwa cha karatasi. Ndiyo, karatasi. Unachukua maboksi, unayakata kwa vipimo vya mtoto, unayapanga moja juu ya jingine na kuyabana kwa gundi ya unga, halafu unafunika kote kwa vipande vya magazeti, tabaka baada ya tabaka, na kuanika. Kikikauka ni mbao. Mwalimu alisema ujuzi huo haukuanzia kwake. Yeye naye alifundishwa na mama wa nchi jirani, aliyefundishwa na mwingine, na hakuna aliyeutoza mwenzake kitu.

Maboksi hayakuwa shida. Mwajiri wangu wa Kitisuru alikuwa amenunua friji, nikaja na boksi lake kichwani bonde zima, watu wananiuliza kama nimehama na nyumba. Mengine tuliyatoa Ngara kwa wauzaji wa jumla. Muuzaji mmoja wa sabuni alituona tukikunja maboksi yake, akauliza, "Mnafungua duka gani, akina mama?" Nikamwambia tunafungua shule. Akacheka, lakini akatuongezea.

Gundi ndiyo iliyonishinda. Si kuipika, la! Mimi ndiye niliyejiteua mkuu wa sufuria, na hakuna aliyepinga. Gundi ya mwalimu ilikuwa unga wa ngano na maji mengi, mwepesi kiasi kwamba unamwagika ukiinamisha mwiko. Mimi ni mtu wa magharibi mwa Kenya. Ugali wetu unakatwa kwa kisu na ukimrushia mwizi anaanguka. Nilimpikia mwalimu siku ya kwanza, akautafuna, akanywa maji, akasema kwa upole kwamba kwao wangeutumia kujengea. Tukacheka hadi shosho akatoka kuangalia. Yeye naye alitupikia wa kwao, mlaini, unachotwa kwa kijiko unakaa vidonge vidonge kwenye sahani. Nikamuuliza nani anaumwa.

Sasa mtu kama mimi, ukimwambia uji mwepesi wa ngano utamshika mtoto wake wa miaka sita, ataamini? Mdomoni niliitikia. Moyoni nilikataa.

Mwisho wa Novemba mwalimu aliitwa Nakuru kufundisha kundi jingine kwa majuma sita. Alituacha na viti vimesimama, bado tabaka chache za mwisho. Akaandika kwenye kipande cha boksi: gundi nyepesi, tabaka nyingi, anika. Akanitazama mimi. "Usiongeze kitu, amayi."

Hata basi lake halijatoka stendi, nilikuwa poshomili. Nilileta unga wa mahindi uliosagwa hapo, mzito, wenye harufu ya nyumbani. Nikawaambia wenzangu kwamba ngano ni chakula cha wageni, chapati za Krismasi, na kitu cha nguvu ni mahindi. Nani angebisha? Wanne kati yao ni watu wa kwetu. Nikausonga, nikaupaka kati ya maboksi na juu yake, mkono mzito, kwa viti vyote sita. Vilipokauka vilikuwa vizito kama jiwe. Nilisimama juu ya cha mwanangu mimi mwenyewe na mwili wangu huu, nikaruka. Hakikusema hata nyau. Kina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikazunguka ploti nzima nikijisifu kwamba Malawi watakuja kusoma kwetu. Tukaviweka kwenye stoo ya shosho, pale anapoweka chakula cha kuku, vingoje rangi.

Siku ya pili baada ya Krismasi nilisikia shosho akipiga nduru. Nilikimbia na povu mikononi.

Panya walikuwa wamevila. Hawakuvigusagusa, walivila. Walipenya chini, wakafuata ugali wangu tabaka kwa tabaka, wakauacha muundo umesimama kama nyumba iliyoungua. Nilikigusa kiti cha mwanangu, na kidole kikatokea upande wa pili. Ndani mlikuwa na vitoto vya panya, vyekundu, havijafungua macho, vimelala vizuri pale mwanangu alipostahili kukaa.

Nilikaa chini kwenye chakula cha kuku nikalia. Wenzangu walifika mmoja mmoja. Mmoja wao, mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, aliniangalia akasema, "Wewe na ugali yako!" Akatoka nje. Ningependa angenitukana zaidi.

Shosho alisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nikamjibu kwamba heri lingekuwa guu lililovunjika. Zilibaki siku kumi shule ifunguliwe. Kiti cha kwanza kilichukua majuma zaidi ya matano.

Nilimpigia mwalimu simu nikiwa nimesimama chooni ili majirani wasinisikie. Nilimwambia yote, bila kujitetea, na mimi ni mtu wa kujitetea. Halafu nikamsikia anacheka, cheko la tumboni. "Amayi," akasema, "kwetu panya wanakula hata vya ngano. Polepole tu zaidi." Kesho yake saa nne alikuwa uani, na daftari lake, ameacha Nakuru kabla ya wakati.

Alivikagua viti vyote bila kunilaumu, na kule kutonilaumu kukanitia hasira. Nikaanza kuwalaani panya. Nikasema panya wa Nairobi wamelaaniwa, hawana adabu, maana kwetu nyumbani ghala la mama lilijaa mahindi mwaka mzima na sikuwahi kuona panya akisogea.

"Kwa nini?" mwalimu akauliza.

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini hawakusogea?"

Nilitaka kujibu upuuzi, mara nikakumbuka. Nilimwona mama yangu, Mungu amrehemu, ameinama kwenye turubai na beseni la majivu, anayachanganya na mahindi kwa mikono miwili. Nilimwona akitwanga pilipili kavu, kitambaa puani, anatufukuza sisi watoto. Alipaka miguu ya ghala, alipaka mlango. Tulikuwa tunachukia siku hiyo kwa sababu macho yaliwasha hadi kesho yake.

"Majivu," nikasema. "Majivu na pilipili."

Shosho akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Hata sisi," akasema. "Maharagwe ya mama yangu tuliweka jivu."

Mwalimu akatutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine. "Miaka hii yote," akasema polepole, "tunavitundika darini. Tunaviweka juu ya meza na miguu ya meza ndani ya makopo ya maji. Hakuna aliyewahi kufikiria kuwapa panya pilipili." Nami nikafikiria, basi hata wewe mwalimu ulikuwa unangoja kitu kutoka kwetu. Watu wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hiyo hata mgeni alipona.

Tulianza upya mchana huo. Maboksi yalikuwepo, vipimo vilikuwepo, na hasira ya kutosha ilikuwepo. Majivu tuliyatoa kwenye majiko ya ploti nzima na kuyachekecha mpaka yakawa laini kama poda ya mtoto. Pilipili tulinunua sokoni zile ndogo za kuua. Tulipozitwanga, ploti nzima ilipiga chafya. Fundi viatu wa nje alihamisha kibanda. Gundi safari hii niliipika mimi tena, kwa ngano, nyepesi, yenye majivu na pilipili, na kila nilipotaka kuongeza unga yule mama mpole alinishika mkono. Alikuwa amerudi asubuhi ya pili, akakaa karibu na sufuria, na hapo ndipo tuliposameheana.

Jua la Januari lilitupa nguvu. Viti tuliviweka juu ya mabati, tunavigeuza kila saa kama mandazi. Tabaka moja, kukauka, tabaka jingine. Mwalimu alisema cha mwanangu kitangulie kwa sababu ya shule, na hakuna mama aliyelalamika, ingawa mimi ndiye niliyewaharibia. Hilo silisahau. Usiku wa mwisho kabla ya rangi tulikiweka stoo makusudi, pale pale kwenye chakula cha kuku. Sikulala vizuri. Asubuhi shosho alifungua mlango kabla yetu, akatoka nacho mikononi, akikigeuzageuza. Hakikuwa hata na alama ya jino.

Tulimkalisha hapo uani. Mwalimu alimfunga mkanda wa leso kifuani, akamkaza nyonga, akaweka miguu yake kwenye kibao cha chini. Halafu akatoa mikono. Nilikuwa tayari kumdaka, magoti yangu yamekunjwa. Hakuanguka. Alikaa. Mwanangu alikaa, jamani, mgongo umenyooka kama askari!

Lakini hakucheka. Aliinamisha kichwa akatazama chini na kukaa hivyo kwa muda mrefu. Nikaogopa kwamba ameumia. Nikachuchumaa nione anachokiona, na nikaelewa. Alikuwa anaangalia miguu yake. Miaka sita hajawahi kuiona ikiwa mbele yake, yote miwili, imekaa mahali. Akajaribu kusogeza kidole gumba. Kidole, cha ajabu, kilitii. Hapo akacheka, cheko lake lile la kusikia majirani wanagombana, na uani kote hakuna mtu aliyebaki na macho makavu, na safari hii si pilipili.

Kabla hajaondoka, mwalimu alinipa daftari lake na kalamu. "Andika gundi," akasema.

"Andika wewe, mwandiko wangu mbaya."

"Ni yenu. Andika wewe."

Nikaandika: unga wa ngano, maji mengi, majivu yaliyochekechwa, pilipili kali iliyotwangwa. Chini yake nikaongeza: Usitie mahindi. Mimi nilitia. Nikamtafsiria ukurasa ule wa Kiswahili, akacheka, akaupiga picha. Picha hiyo nilimruhusu.

Siku ya kufungua shule nilipanda kilima mtoto mgongoni na kiti kichwani. Mwalimu mkuu alitukuta mlangoni, akavaa miwani, akakigonga kiti kwa kifundo cha kidole.

"Hii ni karatasi?"

"Karatasi, unga, majivu na pilipili," nikamwambia. "Usimruhusu mtoto yeyote akilambe."

Alikibeba mwenyewe hadi dirishani, mahali penye mwanga. Tulipomaliza kumfunga, alifungua rejista na kuandika jina la mwanangu kwa kalamu ya wino. Nikamwomba aniache nilisome. Kisha nikatoka kwenda Kitisuru kufua, na njiani nilikuwa natembea nikiyumba, maana mgongo uliozoea mzigo haujui kutembea mtupu. Leso niliibeba mkononi njia nzima.

Hiyo ni miaka michache sasa. Ule ukurasa wangu ulienda Malawi, ukavuka mipaka kwa simu za kina mama ambao sitawaona. Nimepanda basi hadi Kampala kufundisha, mimi mama fua, na watu wakanipa kiti cha mbele. Mwaka huu wakaniita kwenye mkutano mkubwa hapa hapa katikati ya jiji, wa nchi nyingi za Afrika, kuhusu ushirikiano na ustawi wa jamii. Bendera zilikuwa nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Nilikuja na kile kiti cha kwanza, maana mwanangu amekua, hakimtoshi tena, na tumemtengenezea kingine. Kimechubuka rangi, lakini panya bado wanakipita mbali.

Nilizungumza kwa Kiswahili, na wakalazimika kuvaa vile vya masikioni ili wanielewe. Nilifurahi sana, siwadanganyi. Niliwaeleza kila kitu, hata ugali, hata vile vitoto vya panya. Nilipofika kwenye gundi, mama mmoja wa Zambia, ambaye sijawahi kukutana naye, alipaza sauti kutoka nyuma: "Usitie mahindi!" Kwa Kiswahili kile kile nilichoandika! Wakacheka na kupiga makofi, nami nilisimama pale mbele nikiwa nimejaa kama chapati ya moto. Nilitamani mama yangu angeniona, na beseni lake la majivu.

Ndipo bwana mmoja wa mstari wa mbele, suti nzuri, beji mbili kifuani, akasimama. Alinisifu vizuri, sina neno naye. Kisha akasema, "Lakini mama, ungemleta mtoto mwenyewe. Angekaa hapo juu kwenye kiti chake, watu wamwone, wapige picha. Ingegusa mioyo."

Nikaikumbuka kalenda. Nikamkumbuka yule nzi. Zamani ningemrushia maneno ambayo mkalimani angeyakataa. Lakini niliweka tu mkono juu ya kiti cha mwanangu, kitupu, nikaipata sauti yangu ya kawaida.

"Leo ni Jumanne, mzee," nikamwambia. "Yuko shule."